Njia Ileile Mwaka Mzima: Nitazame Nini Ninapotembea Mashambani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni bibi mstaafu, na kila asubuhi natembea kwa miguu kwenye njia moja ya mashambani. Inapita vichakani, inavuka kijito, kisha inarudi kwa upande wa malisho. Likizo hii natembea na mjukuu wangu wa miaka tisa. Juzi kaniuliza ni nani anayechimba vile vishimo vya mviringo kwenye vumbi chini ya mti. Sikuwa na jibu, tena nilishtuka kuona kwamba nimepita pale miaka na miaka bila kuviona. Sasa najiuliza ni mangapi mengine yananipita. Nifanyeje ili nianze kuona? Nitazame nini msimu upi? Lazima niwe na darubini na vitabu? Na je, kuna la kuogopa?

Jibu: Shikamoo bibi. Nianze na vishimo vya mjukuu, maana vitatufikisha kwenye mengine yote uliyouliza.

Anayevichimba ni buu wa mdudu mwenye mabawa marefu membamba. Mdudu mzima hufanana na kereng'ende, ila vipapasio vyake ni virefu na vimenenepa kidogo nchani, naye huruka usiku, ndiyo maana watu wengi hawamjui. Buu ana urefu wa sentimita moja hivi, rangi ya vumbi lenyewe, tumbo nene, kichwa bapa na taya mbili ndefu zilizopinda. Akitaka kujenga hutembea kinyumenyume akizunguka, kila mzunguko mdogo kuliko uliotangulia, huku akirusha mchanga nje kwa kichwa. Mwishowe anabaki chini katikati, amejizika, zimejitokeza taya tu. Kuta za shimo anaziacha kwenye mwinamo mkali kabisa ambao mchanga mkavu unaweza kusimama bila kuporomoka. Sisimizi akikanyaga ukingo, uzito wake mdogo unatosha kuuvunja, na mchanga unamteremsha. Akijaribu kupanda, buu anarusha mchanga kutoka chini. Kwa haraka utadhani anamlenga yule sisimizi. Kumbe mrusho ule unamong'onyoa ukuta kwa chini ili uporomoke tena chini ya miguu yake. Akishamfyonza, ganda hulitupa nje. Angalieni pembeni mwa mashimo, mtakuta vichwa na miguu mikavu ya sisimizi.

Mjukuu atapenda na hili: buu huyu huishi hivyo mwaka mzima, pengine hata mitatu, na muda wote huo hatoi kinyesi. Utumbo wake bado umeziba kwa nyuma. Uchafu wote anautunza mpaka siku anapotoka akiwa na mabawa.

Mwambie alale kifudifudi, achukue jani jembamba la nyasi na kugusa ukingo ili punje mbili tatu za mchanga zidondoke. Kama mwenyeji yumo na ana njaa, mchanga utaruka juu. Asimchimbue kila mara, kwa sababu kujenga upya kunamgharimu nguvu nyingi, na chakula chake ni cha bahati.

Sasa muulize swali linalofuata: kwa nini vishimo viko chini ya mti, au chini ya mwamba ulioinama, na havipo katikati ya njia wakati vumbi liko kote? Ni kwa sababu pale mvua haifiki kirahisi. Mchanga ukilowa hushikamana, ukuta hauporomoki, na mtego haufanyi kazi tena. Mdudu huyu amechagua makazi yake kwa kuangalia maji, au tuseme kwa kuyakimbia.

Hapo ndipo jibu langu lilipo, bibi. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mwaka wa wanyama huendeshwa na joto na urefu wa mchana. Katika nchi za tropiki mchana haubadiliki sana. Kinachobadilika ni maji. Karibu kila kiumbe unachopishana nacho njiani kimeamua lini kianguliwe, lini kijifiche, lini kitafute mwenza, kwa kufuata unyevu. Kwa hiyo kabla hujajiuliza utaona nini leo, jiulize maji yako wapi leo, na wiki iliyopita yalikuwa wapi. Ukilizoea swali hilo, utajua pa kuelekeza macho kabla hata hujafika.

Nizungumzie kwanza mwendo, kwa sababu nadhani ndio uliokunyima. Mtu anayetembea kwa ajili ya afya hutembea kwa kasi isiyobadilika, na macho huangalia mahali mguu utakapotua. Ndege na wanyama wadogo hunyamaza na kutulia anapokaribia, kisha huendelea na shughuli zao akishapita. Anatembea ndani ya duara la ukimya analolibeba mwenyewe. Dawa yake ni kusimama. Chagua vituo vitatu katika njia yako: mti mmoja mkubwa, pale unapovuka kijito, na sehemu moja ya malisho. Katika kila kimoja simama au keti kwa dakika kumi bila kuzungumza. Dakika tatu za mwanzo hazitakuonyesha kitu. Baada ya hapo shore ataanza tena kulia, mjusi atarudi kwenye jiwe lake, na utagundua kuwa lile jani lililoanguka lilikuwa kipepeo. Mazoezi yako ya mwili yafanye kati ya kituo na kituo.

Njia ibaki ileile. Watu wengi hutafuta njia mpya kila wiki wakidhani wataona vingi zaidi, nami siwaungi mkono. Mabadiliko huonekana kwa mtu anayejua jana palikuwaje.

Kuhusu vifaa, darubini inaweza kusubiri. Nunua kwanza kioo cha kukuzia cha mkononi, kile kinachokuza mara 10, na daftari dogo na penseli, kwa sababu wino hutawanyika ukilowa. Siku ukitaka darubini ya ndege, chukua ya 8x42 (inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42) kuliko zinazokuza zaidi. Mkono ukitetemeka kidogo picha haichezi sana, na inaingiza mwanga mwingi wa asubuhi. Ukiigeuza ukachungulia kwa upande wa pili, ukiisogeza karibu sana na ua au mdudu, inakuwa kioo cha kukuzia. Vitabu vya majina vizuri, lakini mwaka wa kwanza swali la "anafanya nini?" litakufundisha zaidi kuliko "anaitwaje?".

Tuje kwenye misimu.

Kiangazi wengi hukidharau, wakati ndicho kitabu kilichofunguliwa. Majani yamepukutika, viota vyote vya mwaka uliopita viko wazi matawini, na vumbi laini linahifadhi kila unyayo. Toka mapema, jua likiwa bado chini, na tazama nyayo ukiwa umeelekea upande jua linakotokea, ili kila shimo dogo la ukucha liwe na kivuli. Saa sita mchana nyayo zilezile hazisomeki. Jizoeze na wanyama unaowajua: mbwa huacha alama za kucha, paka huzificha. Ukishaijua tofauti hiyo, utaweza kutambua kwamba aliyepita usiku alikuwa wa jamii ya paka hata kama hujawahi kumwona. Ukikuta rundo la kinyesi kidogo kidogo mahali pamoja, siku baada ya siku, huenda ni digidigi. Dume na jike wana sehemu zao maalumu wanazozirudia kuweka alama ya mipaka.

Kiangazi pia geuza kwa kijiti majani makavu chini ya kichaka, au tazama kwenye magome. Utamkuta konokono amejifunga ndani ya ganda lake, mlango ameuziba kwa utando mkavu. Amepunguza kila kitu, hata mapigo ya moyo, anasubiri. Uvumilivu wao ni mkubwa kupita tunavyodhani. Mwaka 1846 konokono wa jangwani kutoka Misri alibandikwa kwa gundi kwenye kibao katika jumba la British Museum mjini London, wenyewe wakidhani ni ganda tupu. Mwaka 1850 mtu mmoja aliona doa lisilo la kawaida kwenye kibao kile. Wakamtia konokono kwenye maji ya uvuguvugu, naye akatoka, akatembea. Kwa hiyo mwacheni wenu alipo, hajafa.

Na kijito kikishuka, keti karibu na dimbwi la mwisho lililobaki. Huhitaji kumtafuta mtu yeyote, kila mwenye kiu atakuja mwenyewe. Tazama tope la pembeni: nyuki wanafyonza maji, vipepeo wamekusanyika mahali palepale wakinywa unyevu wenye chumvichumvi. Wengi wa vipepeo hao ni madume, na chumvi hizo huzipitisha kwa majike wanapojamiiana.

Kisha inakuja mvua ya kwanza, na hapa naomba uache kila kazi uliyopanga. Saa ishirini na nne baada ya mvua ya kwanza ya maana ndizo tajiri kuliko zote katika mwaka. Utaanza kwa pua. Ile harufu ya udongo uliolowa hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wale wa kundi la Streptomyces. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa harufu hiyo huwavuta vidudu wadogo wanaorukaruka, waishio udongoni. Vidudu hao hula bakteria, kisha husambaza mbegu za bakteria hao. Harufu unayoifurahia wewe ni mwito kwa mwingine.

Baada ya harufu, kumbikumbi. Umewaona maisha yako yote, bibi, lakini safari hii usiangalie walio angani, angalia walio chini. Kwanza, jiulize kwa nini wanatoka siku moja kutoka vichuguu vingi kwa pamoja. Zipo faida mbili. Ndege, vyura, mijusi na sisimizi wanakula mpaka wanashiba, na bado wanabaki wengi. Na anayetafuta mwenza hukutana na wa kichuguu kingine, si ndugu yake. Pili, fuatilia mmoja aliyetua. Mabawa yake yana mstari wa udhaifu karibu na bega, huyakata kwa kujitikisa tu, bila damu wala jeraha, maana kazi yake imekwisha kwa safari moja. Jike hunyanyua tumbo na kutoa harufu. Dume akimfikia, hushika nafasi nyuma yake, vipapasio vikigusa mgongo wake, na wote wawili hutembea hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, jike akipinda naye anapinda, mpaka wapate mahali udongo umelainika. Wanachimba pamoja, wanajifungia. Kwa nyuki dume hufa baada ya kujamiiana. Kwa mchwa mfalme hubaki na malkia wake chumbani. Kati ya maelfu wanaoruka, wachache sana ndio watakaofikia kuwa kichuguu. Kile kikubwa unachokipita kila siku kilianza na wawili kama hao.

Kama wenyeji wa kichuguu hicho ni mchwa wakulima wa kuvu, rudi wiki chache baadaye. Mchwa hao hawamengenyi vizuri mbao na nyasi wanazokusanya, hivyo huziotesha kuvu katika bustani za chini na kula kilimo hicho. Mvua ikikolea, kuvu huchomoza juu ya ardhi kama uyoga. Uyoga wa kundi hili, Termitomyces, hauoti popote ila penye mchwa wake. Mmoja wao, upatikanao Zambia na nchi jirani, una kofia inayoweza kufikia upana wa karibu mita moja.

Siku hizohizo za kwanza utaona pia vidudu vyekundu sana, vyenye manyoya laini kama mahameli, vikitembea juu ya udongo mchana kweupe. Hao ni jamaa wa kupe, ila hawana habari na damu yako. Wametoka ardhini baada ya mvua na huonekana siku chache tu kabla ya kurudi chini. Wekundu huo mkali ni onyo kwa ndege kwamba hawaliki. Mjukuu awaangalie kwa kioo, asiwabonyeze.

Masika yakishatulia, kaa na mnana. Nakushauri uchague dume mmoja tu katika koloni, umfuatilie wiki mbili. Utamwona anang'ata ukingo wa jani refu la nyasi au mnazi, kisha anaruka huku ameshika, jani linachanika na kuwa uzi. Uzi wa kwanza anaufunga kwenye kitawi kwa miguu na mdomo, anazungushia hadi anapata pete. Pete hiyo ndiyo msingi: anasimama ndani yake na kufuma hadi pale mdomo unapofika, upande mmoja chumba, upande wa pili mlango. Kiota kikiwa tayari ananing'inia chini yake, anapigapiga mabawa, anaita. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo kupima. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikipoteza ukijani bila kupata mwenyeji, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Kwa hiyo ukiona chini ya mti kumejaa viota vilivyoanguka, usidhani ni upepo au watoto. Nyingi ni kazi zilizokataliwa.

Kuna jambo juu ya mayai ya mnana ambalo mimi bado linanisisimua. Mayai yao hutofautiana sana kutoka jike mmoja hadi mwingine: meupe, ya samawati, ya kijani, yenye madoa na yasiyo na madoa, lakini kila jike hutaga ya aina moja maisha yake yote. Sababu ni kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wengine. Jike anayejua sura ya yai lake hulitambua la mgeni na kulitupa. Mnana walipopelekwa kisiwa cha Hispaniola zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Mauritius mwaka 1886, walikwenda mahali ambapo adui huyo hayupo. Mtafiti David Lahti alikuta kwamba mayai yao huko yameanza kupoteza utaratibu huo: ya majike mbalimbali yanakaribia kufanana, na ya jike mmoja hayafanani tena sawasawa kama zamani. Haya usiyahakikishe kwa kuchungulia viotani. Ukiparamia tawi unamwonyesha nyoka na kunguru njia.

Kwenye malisho, simama penye kinyesi kibichi cha ng'ombe. Najua si mahali watu wanapopenda kusimama, lakini ni soko. Ndani ya dakika chache mende wa kinyesi wanaanza kutua. Wapo wanaokaa humohumo, wapo wanaochimba handaki moja kwa moja chini yake, na wapo wanaofinyanga mpira na kuusukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Mfuate huyu wa mwisho. Kabla ya kuondoka anapanda juu ya mpira na kuzunguka kama anayecheza ngoma. Anasoma anga. Akishajua mwelekeo anakwenda kwa mstari mnyoofu, kwani akipinda anaweza kujikuta amerudi kwenye rundo alikotoka, ambako wenzake watamnyang'anya. Mchana hutumia jua na namna mwanga unavyojipanga angani. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Marie Dacke lilionyesha kwamba wale wa usiku hujielekeza hata kwa utepe wa nuru wa Njia ya Maziwa, wakilijaribu hilo kwa kuwaweka ndani ya ukumbi wa kuonyeshea nyota mjini Johannesburg. Umuhimu wao nao si mdogo: Australia ilipojaa ng'ombe, mende wa kienyeji, waliozoea kinyesi kikavu cha kangaruu, hawakuiweza kazi, malisho yakafunikwa na kinyesi, inzi wakazaliana, na kuanzia miaka ya 1960 nchi hiyo ililazimika kuingiza mende wa kigeni, wengi wao kutoka Afrika.

Kwenye kijito au dimbwi la muda, inua macho kwenye matawi yaliyoning'inia juu ya maji. Ukiona povu jeupe la ukubwa wa ngumi au zaidi, hicho ni kiota cha chura. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, mara nyingi madume kadhaa wakiwa wamemzunguka. Nje povu linakauka na kuwa gamba, ndani mayai yanabaki na unyevu, mbali na samaki na wadudu wa majini. Baada ya siku tano au sita viluwiluwi huteleza na kudondoka majini. Ukiandika tarehe uliyoliona povu bichi, unaweza kumleta mjukuu siku inayostahili.

Mvua zikiisha na asubuhi kuwa za baridi, ni zamu ya umande na buibui. Tando huwa zipo siku zote, umande unakuonyesha tu ni nyingi kiasi gani. Buibui wengi wanaotengeneza tando za mviringo hula utando uliochakaa na kuusuka mwingine karibu kila siku, kwa hiyo uzi wa leo ni uzi wa jana uliopitia tumboni. Msimu huo pia tafuta kifauongo kandokando ya njia. Mjukuu akikigusa, majani yanajikunja kwa sababu maji yanaondoka ghafla kwenye seli za kiungo kilicho chini ya kila kijani. Baada ya dakika kumi au zaidi hufunguka tena. Hata hapo ni maji.

Na miezi ya Septemba hadi Desemba fungua jicho kwa wageni. Mbayuwayu mwenye mkia wa panda na koo jekundu hana zaidi ya gramu 20 au karibu na hapo, na anatoka Ulaya na Asia. Watu walibishana kwa karne nyingi wanakokwenda ndege hawa. Mwaka 1822 kule Ujerumani, karibu na Klütz, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umemtoboa shingo, akiwa amesafiri nao akiwa hai. Mwili wake umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Mbayuwayu naye alipata ushahidi wake: aliyevalishwa pete Uingereza mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Lakini kama ungeniambia nichague msafiri mmoja, ningemchagua kereng'ende wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, anayeruka kwa makundi juu ya malisho bila kutua wakati mvua za vuli zinakaribia. Mwanabiolojia Charles Anderson, akiishi Maldives, alishangaa kuona wanafika kwa wingi kila Oktoba kwenye visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya kuzalia. Mwaka 2009 alichapisha maelezo yake: wanatoka India, wanapanda kwenye pepo za juu, wanavuka Bahari ya Hindi na kufika Afrika Mashariki pamoja na mvua, wanataga kwenye madimbwi ya muda, na watoto wao ndio wanaoendelea na safari. Mzunguko mzima alikadiria ni kilomita 14,000 hadi 18,000, nao hukamilishwa na vizazi vinavyopokezana. Vikereng'ende hukua haraka mno, wiki sita hivi zinatosha, kwa sababu dimbwi halisubiri.

Daftari basi. Andika tarehe, kama mvua imenyesha na lini, mahali katika njia, na umeona nani akifanya nini. Usipojua jina, chora. Mistari mitatu kwa siku yatosha. Robert Marsham, mwenye mashamba wa Norfolk huko Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika siku ya mbayuwayu wa kwanza, chura wa kwanza kulia, jani la kwanza la kila mti. Familia yake iliendelea na kazi hiyo mpaka 1958, na leo wanasayansi huitumia kuona jinsi majira yanavyosogea. Kwa mvua zetu zinazoyumba, kumbukumbu za namna hiyo ni chache sana na zinahitajika.

Mwisho umeuliza la kuogopa. Nyoka wengi huuma mtu anapowakanyaga au kuwawekea mkono, kwa hiyo viatu vya kufunika vifundo, fimbo ya kugonga mbele kwenye nyasi ndefu, na usiketi juu ya gogo kabla hujaangalia nyuma yake. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na mkirudi mkaguane nyuma ya magoti na kwapani. Kiwavi mwenye manyoya asiguswe hata akiwa mzuri vipi. Siafu wakivuka njia, zungukeni mbali. Uyoga usiliwe kwa kuufananisha tu na uliouona. Kama kijito chenu kinaungana na mto wenye mamba au viboko, kituo cha pili kiwe mbali na ukingo, tena msifike pale alfajiri wala jioni.

Mjukuu akishazoea, mtoeni usiku mmoja, lakini kwanza uani kabla ya njia, na awepo mtu mzima mwingine. Kinyonga hulala kwenye ncha za matawi na usiku rangi yake hupauka, tochi ya kawaida humwonyesha waziwazi. Ukipata tochi ya urujuanimno (ultraviolet, au UV), mulika kwenye mawe na magogo: nge hung'aa rangi ya kijani-samawati, kwa sababu ya kemikali zilizo kwenye ngozi yake ngumu, hivyo mtamwona akiwa mita kadhaa mbali, na mtabaki hukohuko mkimtazama.